Kusomea ufundi wa maabara ya histolojia kwa masafa na kupata cheti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya ni wa aina tatu. Wapo wafanyakazi wa maabara za hospitali Tanzania na Kenya waliopangiwa chumba cha histolojia bila kuifundishwa kwa kina. Wapo wazungumzaji wa Kiswahili walioko Marekani, wanaopokea sampuli au kuosha vyombo kwenye maabara kubwa na wanataka kupanda. Na wapo wanaotafuta kazi Ghuba. Majibu mengi hapa yanahusu Marekani, kwa kuwa huko ndiko ziliko programu za masafa za fani hii na mtihani wa cheti unaojulikana zaidi. Ada na tarehe za maombi sikuziandika kwa sababu hubadilika. Zisome kwenye tovuti ya chombo husika siku unayotaka kuomba.

Fundi wa histolojia hufanya kazi gani hasa?

Daktari akichukua kinyama kwenye titi, tumbo au shingo ya kizazi, kinyama hicho hakiwezi kuwekwa moja kwa moja chini ya hadubini. Ni lazima kikazwe kwa formalini, kitolewe maji kwa alkoholi ya viwango vinavyopanda, kisafishwe kwa zailini, kiloweshwe nta ya parafini iliyoyeyuka, kipachikwe kwenye bloki, kikatwe kwa maikrotomu vipande vyembamba vya maikromita 3 hadi 5, kisha kitiwe rangi. Kazi hiyo yote ni ya fundi wa histolojia. Mwanapatholojia ndiye anayesoma slaidi na kuandika jibu, lakini anasoma kile alichoandaliwa. Slaidi ikiwa na mikwaruzo ya kisu, mikunjo, au rangi iliyopauka, jibu la mgonjwa linakuwa na shaka tangu mwanzo.

Tofauti na mashine ya damu inayorudia kipimo kutoka kwenye kichupa kilekile, kinyama cha milimita 2 kilichotolewa tumboni kwa endoskopi ni kimoja tu. Ukikata bloki mpaka kikaisha, mgonjwa anarudi kumeza mpira upya. Ndiyo maana swali la nani kafunzwa na kafunzwaje ni zito kuliko linavyoonekana kwenye tangazo la kozi.

Histolojia inaweza kweli kusomwa kwa masafa?

Nusu yake inaweza, na inaweza vizuri sana. Nusu nyingine haiwezi, na chuo chochote kinachokuambia vinginevyo kikimbie.

Nusu ya kwanza ni ile ya kichwani. Kwa nini formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa kemikali ndiyo inayotumika kila siku, na kwa nini hiyo asilimia 10 maana yake ni takriban asilimia 4 tu ya formaldihaidi yenyewe. Kwa nini formalini ikiachwa iwe tindikali huacha chembe za kahawia kwenye tishu zenye damu, ambazo asiyejua atadhani ni vimelea vya malaria au chembe za melanini. Kwa nini hematoksilini, inayotoka kwenye mti wa Amerika ya Kati, haishiki kiini cha seli mpaka ioksidishwe na ipate madini ya kuishikilia, kwa kawaida aluminiamu. Kwa nini seksheni (kipande kilichokatwa) ya kutafutia amiloidi, protini isiyo ya kawaida inayojilimbikiza kwenye tishu, kwa rangi ya Kongo redi hukatwa nene, maikromita 8 hadi 10, wakati figo hukatwa nyembamba ya 2 au 3. Hesabu za kuchanganya myeyusho, kanuni za ubora, sheria, usalama: haya yote mtu aliyeko Songea anaweza kuyaelewa sawasawa na aliyeko Indianapolis, akiwa na mwalimu mzuri na intaneti isiyokatika kila saa.

Hata kutambua makosa kwenye slaidi siku hizi kunafundishika kwa masafa. Slaidi nzima huchanganuliwa ikawa picha kubwa unayoweza kuivuta karibu na kuisogeza kama uko kwenye hadubini. Vyuo vikuu vya Michigan na Iowa vimeweka mikusanyo ya slaidi za namna hiyo mtandaoni, na mwanafunzi makini anaweza kuzipitia usiku baada ya zamu.

Nusu ya pili ni ya mkono. Kukata utepe wa seksheni usiokatika, kujua kwa kusikia tu kwamba bloki ni ngumu mno au haijapoa vya kutosha, kuuvua utepe kwenye maji ya uvuguvugu bila mapovu chini yake. Kupachika ni kugumu zaidi kuliko watu wanavyodhani: ngozi isimamishwe wima ili tabaka zote zionekane kutoka juu hadi chini, mrija wa uzazi au kidole tumbo kisimame ili kikikatwa kitoe duara, vipande vidogo vya tumbo vilale usawa mmoja. Ukilaza kimoja vibaya, mwanapatholojia hawezi kupima uvimbe umeingia kina gani. Hakuna video itakayokupa hayo. Unayapata kwa kukaa kwenye maikrotomu kila siku, miezi mingi, na mtu anayejua akiwa nyuma ya bega lako.

Sasa programu za masafa zinafundishaje hiyo sehemu ya mkono?

Zinaiacha maabarani kwako. Mfano ninaoupenda ni wa Chuo Kikuu cha Indiana nchini Marekani, kinachofundisha histolojia mtandaoni: nadharia inakuja kwa kompyuta, na mazoezi unayafanya kwenye maabara ya histolojia yenye makubaliano na chuo, mara nyingi ile unayofanyia kazi. Maabarani anakuwepo msimamizi anayekusaini kila ujuzi unapoufikia, na chuo kinadai ushahidi wa kazi ya mikono yako.

Mpango huu unaeleza pia kwa nini watu wengi hukwama kabla hawajaanza. Wanatafuta chuo kwanza, wakati kitu cha kutafuta kwanza ni meza ya kazi. Kabla hujalipa shilingi wala dola, pata majibu ya mambo haya: maabara gani imekubali kukupokea, nani atakusimamia, ana sifa gani zinazotambulika na chuo, na je, maabara hiyo inafanya kazi za kutosha? Maabara inayotia H&E (hematoksilini na eosini, rangi za kila siku) peke yake itakunyima rangi maalumu ambazo mtihani utaziuliza: PAS, Ziehl-Neelsen, trikromu ya Masson, Perls kwa ajili ya madini ya chuma, fedha ya Grocott kwa fangasi. Kama kwako hazifanyiki, omba wiki chache kwenye hospitali ya rufaa inayozifanya. Wakuu wa maabara wengi hukubali wakiona barua rasmi na mtu mwenye nia.

Nitajuaje kama programu ni ya kweli?

Kwa Marekani, uliza swali moja: ina ithibati ya NAACLS? Hilo ndilo shirika linalokagua programu za sayansi za maabara huko, na orodha yake iko wazi kwa yeyote. Programu isiyo na ithibati hiyo inaweza kukufundisha mambo mazuri, lakini haikupi njia ya moja kwa moja ya kufanya mtihani wa cheti wa ASCP, chama cha patholojia ya kitabibu cha Marekani. Utalazimika kupitia njia ya uzoefu wa kazi, ambayo nitaieleza hapa chini.

Kwa Tanzania, diploma na astashahada huangaliwa na NACTVET, shahada huangaliwa na TCU, na usajili wa taaluma uko kwa Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Kwa Kenya, bodi ya KMLTTB iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ndiyo inayoidhinisha vyuo vya maabara na kusajili wahitimu. Kozi ambayo baraza au bodi haiitambui haitakupa leseni, hata kama cheti chake kimechapishwa kwa dhahabu.

Kozi za siku mbili tatu mtandaoni zinazotoa cheti zina thamani?

Zina thamani ya elimu endelevu tu. Chama cha kitaifa cha histoteknolojia cha Marekani, NSH, kina mihadhara ya mtandaoni mizuri, na wauzaji wa mashine na rangi hufundisha bidhaa zao kwa ustadi. Zisome. Lakini cheti cha kuhudhuria ni ushahidi kwamba ulikuwepo. Hakisemi kwamba umepimwa ukaweza. Naumia nikiona vijana wamebandika vyeti vya kuhudhuria kumi kwenye wasifu wao, kisha mwajiri anauliza kimoja tu cha kupimwa na hawana.

Cheti, ithibati na leseni: ni kitu kimoja?

Hapana, na kuvichanganya kumewagharimu wengi. Ithibati hupewa chuo au maabara. Cheti cha kitaaluma hupewa mtu, na chombo cha taaluma, baada ya mtihani. Leseni hupewa mtu na serikali au bodi ya kisheria, na ndiyo ruhusa ya kufanya kazi.

Marekani sehemu kubwa ya majimbo haidai leseni kwa fundi wa histolojia. Cheti cha ASCP ndicho waajiri wanachokitazama. Lakini New York na Florida zina leseni zao, kwa hiyo ukihamia huko cheti peke yake hakitoshi. Uingereza mambo ni tofauti kabisa: anayeitwa mwanasayansi wa biomedikali lazima awe kwenye rejista ya HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya, na njia ya kawaida ni shahada inayotambuliwa na IBMS, taasisi ya wanasayansi hao, pamoja na kijitabu cha mafunzo kilichojazwa ndani ya maabara iliyoidhinishwa kufundisha. Cheti cha Marekani hakikuingizi kwenye rejista hiyo.

HT na HTL zinatofautianaje?

Zote mbili hutolewa na Bodi ya Vyeti ya ASCP, chama cha patholojia ya kitabibu cha Marekani kilichoanza mwaka 1922. HT ni ngazi ya fundi, HTL ni ngazi ya mteknolojia.

Kwa HT kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kumaliza programu ya histolojia yenye ithibati ya NAACLS. Ya pili ni kuwa na angalau krediti 60 za chuo, ndani yake krediti 12 za biolojia na kemia kwa pamoja, ukaongeza mwaka mzima wa kazi ya muda wote kwenye maabara ya histopatholojia inayokubalika. Kwa HTL unahitaji shahada ya kwanza yenye krediti 30 za biolojia na kemia, pamoja na programu yenye ithibati au mwaka wa uzoefu.

Mwenye shahada tayari asijidharau akaomba HT kwa kuogopa mtihani. Kama krediti zinatosha, soma zaidi kidogo uende HTL. Ngazi ya mshahara na nafasi za kusimamia wengine hufunguka huko.

Mtihani wa HT ukoje?

Maswali 100 ya kuchagua, saa mbili na nusu, kwenye kompyuta ndani ya kituo cha Pearson VUE. Kompyuta hukupima unavyoendelea: ukijibu sawa, swali linalofuata huwa gumu kidogo, ukikosea, linashuka. Kwa hiyo usishtuke ukiona maswali yanazidi kuwa magumu, huenda ni dalili njema. Alama za kufaulu ni 400 kwenye mizani inayofika 999. Ombi lako likikubaliwa unapewa dirisha la miezi mitatu kufanya mtihani, na ukishindwa unaweza kurudia, jumla mara tano kwa njia ileile ya maombi.

Maeneo yake ni ukazaji, uchakataji na upachikaji, ukataji, utiaji rangi, na uendeshaji wa maabara. Utiaji rangi ndio sehemu kubwa kuliko zote, na ndani yake kuna imunohistokemia, yaani utiaji rangi kwa kutumia kingamwili. Waliofunzwa maabara za nyumbani mara nyingi wana nguvu kwenye ukataji, maana wamekata bloki kwa mikono miaka na miaka, ila wanapungukiwa kwenye kemia ya rangi kwa sababu walifuata karatasi ya hatua iliyobandikwa ukutani bila kuulizwa sababu. Weka muda wako huko. Kwa kila rangi jiulize: inaonyesha nini, inashikamana na nini, kemikali ipi ni ya kushikiza, ipi ni ya kupunguza, slaidi ya udhibiti ni tishu gani, na ikitoka vibaya nianze kutazama wapi?

Zamani mtihani ulikuwa na sehemu ya vitendo pia, ukituma slaidi ulizoandaa mwenyewe zikakaguliwe. Sehemu hiyo imeondolewa. Ninaamini hasara ipo, kwani sasa ushahidi wa mkono umebaki kwenye sahihi ya msimamizi, na sahihi ni nzuri kadiri aliyeiweka alivyo mwaminifu.

Niko Dar es Salaam au Nairobi. Mwaka wangu wa uzoefu unahesabika?

Inategemea maabara. Kwa cheti cha ndani ya Marekani, uzoefu unaokubalika kirahisi ni wa maabara zilizo Marekani au Kanada, au maabara ya nchi nyingine yenye ithibati inayokubaliwa na ASCP. Afrika Mashariki maabara zenye ithibati ya CAP, chama cha wanapatholojia cha Marekani, ni chache. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan Nairobi ni mojawapo. Ithibati ya ISO 15189 (kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba), ambayo maabara nyingi zaidi kwetu zinayo au zinaitafuta, ni heshima kubwa, lakini si kitu kilekile na CAP. Usidhani moja inasimama badala ya nyingine. Uliza kwa maandishi kabla ya kutuma ada.

ASCP pia ina mfumo wa kimataifa unaoitwa ASCPi, uliowekwa kwa waliosoma na wanaofanya kazi nje ya Marekani. Kwa mtu anayetaka kubaki Mwanza au Kisumu na kuonyesha kwamba kiwango chake kinapimika popote, huo ndio mlango wa kuuangalia kwanza.

Nimehamia Marekani kutoka Kongo, vyeti vyangu ni vya Kifaransa. Nianzie wapi?

Anza na tathmini ya vyeti. Matokeo yako ya chuo yatafsiriwe na mtafsiri anayekubalika, kisha yapelekwe kwa wakala wa tathmini aliyemo kwenye orodha ya ASCP, ukiomba ripoti ya somo kwa somo, siyo ile fupi. Ripoti fupi itasema una elimu sawa na diploma au shahada fulani. Haitaonyesha krediti za kemia na biolojia, na hizo ndizo zinazohesabiwa. Waliosoma Tanzania, Burundi au Uganda hatua ni hizohizo, ila tafsiri huenda isihitajike.

Ukikuta krediti za kemia zimepungua, usikate tamaa wala usirudie chuo chote. Chuo cha jamii kilicho karibu nawe kinafundisha kemia ya jumla kwa bei nafuu, mara nyingi jioni au mtandaoni. Wakati huohuo omba kazi ya msaidizi wa maabara kwenye idara ya patholojia: kupokea sampuli, kubandika lebo, kupanga bloki na slaidi kwenye makabati. Ni kazi ya chini, lakini uko ndani ya chumba, na mkuu wa maabara akikuona unafika kwa wakati na huchanganyi majina ya wagonjwa, ndiye atakayekuwa msimamizi wako kesho.

Jambo moja la kisheria: kupima, kueleza na kukata sampuli kubwa kabla ya kuchakatwa huhesabiwa Marekani kuwa kazi ya kiwango cha juu cha ugumu chini ya sheria ya CLIA ya mwaka 1988, na ina masharti yake ya elimu. Usiifanye kwa kuombwa tu na mwenzako aliyezidiwa na kazi.

Nikipata ASCP, naweza kurudi na kufanya kazi Tanzania au Kenya?

Cheti hicho kitakupa heshima lakini hakitakupa leseni. Bado utajisajili kwa Baraza la Tanzania au KMLTTB ya Kenya, na kama masomo yako ya msingi ni ya nje, yatapitishwa kwanza na mamlaka ya elimu ya nchi husika. Kwa aliyesajiliwa tayari kwa diploma au shahada ya maabara, cheti cha histolojia kinakuwa ubobezi juu ya usajili alionao.

Na kama lengo lako ni kubaki nyumbani, sema ukweli na nafsi yako: huenda huhitaji cheti cha Marekani hata kidogo. KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, ina stashahada ya juu ya histopatholojia na sitolojia kwa walio na diploma ya maabara, na Muhimbili inafundisha sayansi za maabara hadi ngazi ya shahada. Utahitaji kuhudhuria, ndiyo, lakini unatoka na sifa inayoeleweka na mwajiri wako na bodi yako.

Na Oman, Saudia au Dubai?

Huko vyeti vyako huhakikiwa kwenye chanzo, kazi inayofanywa mara nyingi na kampuni ya DataFlow: wanaandikia chuo chako, mwajiri wako wa zamani na baraza lililokusajili. Kisha kuna mtihani wa leseni wa nchi, kwa kawaida kwenye vituo vya Prometric. Saudia inasimamiwa na Tume ya Taaluma za Afya, SCFHS. ASCP husaidia wasifu wako, lakini kinachowachelewesha watu wetu zaidi ni nyaraka: chuo hakijibu barua pepe, jina kwenye cheti cha kidato cha nne halifanani na la pasi ya kusafiria, barua ya uzoefu haina tarehe. Rekebisha hayo miezi kadhaa kabla, ukiwa bado uko karibu na ofisi zinazoyatoa.

Ninasoma na kufanya kazi, umeme unakatika. Nifanyeje?

Pakua mihadhara yote usiku bando linapokuwa na kasi, na chapisha majedwali ya rangi uyaweke kwenye bahasha unayobeba. Zaidi ya hapo, ichukue hali ya maabara yako kama sehemu ya somo. Umeme ukikatika usiku mashine ya kuchakata ikiwa kwenye zailini, tishu zitakuwa ngumu na kukatika vibaya. Lazima ujue hatua ipi inaweza kusubiri na ipi haiwezi. Formalini inasubiri kuliko zote. Pwani, joto huilainisha nta. Bloki zinahitaji barafu ya kutosha, na nta ya kiwango cha juu kidogo cha kuyeyuka hufaa kuliko ile ya nchi za baridi. Maji ya uvuguvugu ambamo utepe unaelea yawe chini ya kiwango cha kuyeyuka kwa nta yako kwa nyuzi 5 hadi 10 hivi. Ukiyaandika mambo haya vizuri, ndiyo kazi za mradi ambazo walimu wa programu za masafa huzithamini, kwa sababu hawazioni kwenye maabara zao zenye viyoyozi.

Maabara yetu haina mtu aliyebobea histolojia. Nani atanisimamia?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote na sitalirahisisha. Mwanapatholojia anaweza kukubalika kuwa msimamizi kwa baadhi ya programu, na yeye ndiye anayejua slaidi nzuri ikoje. Tatizo ni kwamba wengi wao hawajawahi kukaa kwenye maikrotomu kwa muda mrefu. Watakuambia seksheni ni mbaya bila kukuonyesha kama kosa ni pembe ya kisu, bloki ya moto au ukazaji mfupi. Kwa hiyo unganisha watu wawili: mwanapatholojia wako asome slaidi zako kila wiki na kuandika maoni, na fundi mzoefu wa hospitali ya rufaa aone picha za slaidi hizo na, inapowezekana, bloki zenyewe.

Ipo pia tathmini ya nje inayofanyika kwa masafa kabisa, na ni ya kuaminika. Mpango wa UK NEQAS wa Uingereza hupokea slaidi za maabara washiriki, wakaguzi wazoefu huzipa alama na kueleza kasoro. NordiQC ya Denmark hufanya hivyo kwa imunohistokemia. Si mafunzo ya mtu mmoja mmoja, wala haikupi cheti, lakini maabara inayoshiriki hupata kioo kisichopendelea. Mshawishi mkuu wako ajiunge na mpango wa namna hiyo, hata ule wa ndani ya nchi au wa kubadilishana slaidi kati ya hospitali mbili.

Naweza kufanya mazoezi nyumbani?

Kusoma, ndiyo. Kuchora michoro ya hatua, ndiyo. Kemikali, hapana hata tone. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka formaldihaidi kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu mwaka 2004, na kiwango kinachoruhusiwa na OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, ni sehemu 0.75 tu kwa milioni kwa wastani wa zamu ya saa nane. Zailini inashika moto na mvuke wake hulevya. Chumba cha kulala chenye watoto si mahali pake, na wala sampuli za wagonjwa hazitoki maabarani kwa sababu yoyote ya masomo.

Hata kazini, dai feni ya kuvuta mvuke ifanye kazi. Harufu ikikuchoma macho, uko juu ya kiwango salama au unakikaribia, na kuzoea harufu hakupunguzi madhara.

Kiingereza changu si kizuri sana. Nitaweza?

Mtihani wa HT ni wa Kiingereza na programu za masafa ni za Kiingereza. Ila Kiingereza chake ni cha aina moja, chenye maneno yanayojirudia: ukiyamudu mia chache umemudu karibu yote. Fanya daftari la safu mbili, neno la Kiingereza na maelezo yako ya Kiswahili kwa sentensi nzima. Anayeweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini tishu ya mfupa huondolewa chokaa polepole kwa EDTA pale kipimo cha kijenetiki kinapotarajiwa, ameielewa mada hiyo, na Kiingereza chake kitafuata. Kundi la watu watatu wanaoulizana kwa simu kila Jumapili husaidia kuliko kukariri peke yako.

Nikishapata cheti, nimemaliza?

Cheti cha HT au HTL hudumu miaka mitatu, kisha kinahuishwa kwa alama za elimu endelevu. Mihadhara ya NSH, mikutano, mafundisho ya usalama, hata kuwafundisha wengine kwa utaratibu uliokubaliwa, huhesabika. Weka jalada la kila ushahidi tangu siku ya kwanza. Leseni za Tanzania na Kenya nazo zina mahitaji yao ya kuhuisha, na alama za upande mmoja hazihamii upande wa pili zenyewe. Unapeleka ushahidi mwenyewe.

Mimi ni mkuu wa maabara. Kuna faida gani kumgharamia fundi wangu?

Hesabu majibu yanayochelewa kwa sababu bloki inakatwa upya, slaidi zinazorudishwa na mwanapatholojia, na sampuli za titi zilizofika zimekaa saa nyingi bila formalini kwa sababu hakuna aliyewafundisha wauguzi. Kipimo cha vipokezi vya homoni na cha protini ya HER2 kwenye saratani ya titi kinadai sampuli iingie formalini ndani ya saa moja na ikae humo kati ya saa 6 na 72. Mgonjwa asiyepimwa vizuri anaweza kunyimwa dawa inayomfaa. Fundi aliyefunzwa ndiye atakayeandika utaratibu huo na kwenda wodini na chumba cha upasuaji kuufundisha.

Mlipie ada, lakini mpe kitu kikubwa zaidi ya ada: saa za kukaa kwenye maikrotomu bila kuitwa kupima malaria, na mtu wa kumshika zamu siku za mtihani. Makubaliano ya kubaki kazini kwa muda baada ya kuhitimu ni ya haki mkiyaandika mapema. Na akirudi na cheti, mpandishe.